Vidole vikifa ganzi, breki itashikwa na nani?

Mtajie mkazi wa Nairobi jina la Ukambani, naye atakutajia jua, vumbi na mto uliokauka. Ni wachache watakaokutajia baridi. Basi hebu siku moja ya mwezi wa Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri, usimame kando ya barabara pale Kola, katika eneo la Kalama, ukingojea pikipiki ya kukufikisha mjini Machakos. Ukungu umelala juu ya vilima vya Muumandu, manyunyu hayaonekani lakini nywele zimelowa, na kila apitaye ametia mikono mfukoni.

Kila mtu, isipokuwa mwendeshaji wa bodaboda. Yake iko nje, mbele ya mwili wake wote, ikiupasua upepo kama omo ya jahazi. Akiitia mfukoni hakuna safari.

Julai moja niliipanda pikipiki hiyo ya alfajiri. Kijana aliyenibeba alikuwa amevaa jaketi zito, kofia ngumu na buti za mpira, amejifunga hasa kama mtu anayeijua kazi yake. Mikononi alikuwa na glavu za sufi zilizotoboka vidole viwili. Hatukufika mbali. Kwenye mteremko mmoja mbuzi alikata barabara, naye kijana akaikamata breki. Nasema akaikamata, lakini ukweli ni kwamba vidole vilichelewa. Niliviona mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nikichungulia juu ya bega lake: viliinuka polepole, vikapapasa hewani, ndipo vikaufikia mkono wa breki. Tulimkosa mbuzi kwa upana wa kiganja.

Hakuna aliyeumia. Kijana alisimama, akapuliza mikono yake, tukaendelea bila ya yeyote kutia neno. Tulipofika mjini nikataka kumlipa kwa simu, na vidole vyangu mimi, niliyekuwa nimeketi nyuma tu bila kazi, vikakosea namba ya siri mara mbili. Nikaogopa kujaribu mara ya tatu. Nikatafuta sarafu, nazo zikaniponyoka zikatawanyika chini. Tulicheka sote wawili, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizauliza na kusoma juu ya jambo hili la mikono na baridi, na niliyoyapata ndiyo haya.

BARIDI YATOKA WAPI?

Mji wa Machakos uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kalama vimeinuka kuupita. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huwa limehamia upande wa kaskazini mwa ikweta, na upepo wa kusini-mashariki huleta hewa baridi yenye unyevu kutoka Bahari Hindi. Hewa hiyo ikipanda vilima hugeuka mawingu mazito yanayoweza kulifunika jua mchana kutwa. Alfajiri ya Julai kipimajoto cha Machakos hukaribia nyuzi 12, na kila mita 100 unazopanda mlima hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi.

Lakini waendeshaji wa Kalama watakuambia kwamba si kilimani tu panapouma. Usiku ukiwa mweupe bila mawingu, hewa baridi, ambayo ni nzito kuliko ya joto, huteremka taratibu kama maji na kutuama mabondeni. Ndiyo maana pikipiki ikishuka kwenye kijito alfajiri unahisi ghafla kana kwamba mtu amefungua mlango wa friji.

Huenda ukasema: nyuzi 12 si kitu, wenzetu wa Ulaya hukaa kwenye theluji. Ni kweli. Ila wewe uliyesimama na wewe uliye juu ya pikipiki hamko katika hali moja ya hewa. Mwili uliotulia hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyopata joto, nalo huukinga. Upepo huja ukaliondoa tabaka hilo, na mwili ukitengeneza jingine, upepo huliondoa tena. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walilipima jambo hili huko Antaktika kwa njia rahisi sana: walitundika chombo kidogo cha plastiki chenye maji wakahesabu muda ambao maji yalichukua kuganda upepo ukivuma kwa nguvu mbalimbali. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1945. Kwa hesabu mpya inayotumiwa Marekani na Canada tangu mwaka 2001, hewa ya nyuzi 10 ikipigana nawe kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, uso mkavu ulio wazi huhisi kana kwamba ni nyuzi 5. Na hesabu hiyo ni ya ngozi kavu. Ongeza manyunyu ya Muumandu, maana maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto lake, nawe utaelewa kwa nini kijana wangu alikuwa akipuliza vidole.

Tusitishane bure, hata hivyo. Ziko hadithi za vidole kuganda na kukatwa hospitalini. Hayo ni ya nchi za barafu. Nyama ya mwili haiwezi kuganda hewa ikiwa juu ya nyuzi sifuri. Hatari ya Kalama ni nyingine kabisa.

Kwenye pikipiki, mkono wa kulia ndio wenye breki ya mbele na wa kushoto ndio wenye klachi. Unaposimama kwa ghafla uzito wote hukimbilia gurudumu la mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, ingawa waendeshaji wengi wetu wamezoea kuamini mguu zaidi. Sasa watafiti wa kazi za baridini wameonyesha kwamba ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa vidole huanza kupungua. Ikikaribia nyuzi 8, hisia yenyewe ya kugusa huondoka. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita 16 kwa kila sekunde moja. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu, umekwenda mita 8 kabla breki haijaguswa. Mita 8 ni zaidi ya urefu wa matatu ya abiria 14. Wapime wapita njia wanaoweza kutosha hapo, kisha tuendelee.

MWILI NI MCHOYO

Kwa nini vidole, na si tumbo wala mapaja? Kidole ni chembamba, hakina nyama ya kutosha ya kujitengenezea joto, nacho kimezungukwa na hewa pande zote. Joto lake lote huletwa na damu. Na mwili ni mchoyo, na una haki ya kuwa mchoyo: kazi yake ya kwanza ni kuulinda moyo, ubongo na maini kwenye nyuzi 37. Kifua kikianza kupoa, mwili huibana mishipa midogo ya mikononi na miguuni ili damu ya moto ibaki ndani. Vidole huachwa vijitafutie.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunahisi mikono ina baridi, tunanunua glavu. Bado ina baridi, tunanunua nyingine nene zaidi. Kumbe tatizo liko kwenye zipu ya jaketi iliyoharibika mwaka jana. Ukikiweka kifua na shingo katika joto, mwili hufungua mishipa wenyewe na kuituma damu mikononi. Waendeshaji wa pikipiki wa Uingereza na Ujerumani, wenye fedha zao, huvaa vizibao vinavyopashwa joto kwa umeme wa pikipiki, na wengi wao watakuambia kwamba kizibao hicho kiliwasaidia mikono kuliko walivyotarajia. Hizi pikipiki zetu ndogo hazina umeme wa kutosha kwa anasa hiyo, lakini kuna njia ya bei nafuu ambayo mimi kama mtu wa gazeti naitaja kwa furaha: kunja gazeti kuukuu, ulitandaze kifuani kati ya sweta na jaketi. Karatasi huzuia upepo, na kati ya kurasa hubaki hewa tulivu inayotunza joto. Wapanda baiskeli wa Ulaya wamelitumia gazeti hivyo kwa miaka mingi. Gazeti hili ulishikalo litafaa, ila ulisome kwanza.

Shingo nayo isisahauliwe. Upepo unaoingia kwenye ukosi hushuka moja kwa moja kifuani. Skafu ya mama, au hata kitambaa cha shuka kilichokatwa vizuri, kikazungushwa na ncha zake kuchomekwa ndani ya jaketi zisiburuzwe na gurudumu, kinatosha.

Na tumbo. Joto la mwili ni moto, na moto hutaka kuni. Anayetoka nyumbani Kalama saa kumi na moja na chai ya rangi peke yake amelipanda jiko lisilo na makaa. Sahani ya muthokoi iliyobaki usiku, ikapashwa moto, ni kinga nzuri kwa mikono ingawa hakuna aliyewahi kuivaa.

Kuna vitu viwili ambavyo vijana huvitumia kwa kupambana na baridi na vyote viwili huwageuka. Pombe huipanua mishipa ya ngozi, ukahisi moto usoni, kumbe joto la ndani ndilo linalokimbilia nje. Tena tusizungumzie akili ya mlevi barabarani. Muguka nayo, ambayo wengi huitafuna ili wasisinzie, ina kemikali inayoamsha mwili na papo hapo kuibana mishipa ya damu. Sigara pia hubana. Kijana anayetafuna muguka na kuvuta sigara stejini akingoja abiria anajifungia damu ya vidole kwa mikono yake mwenyewe.

KUZUIA UPEPO

Tuje sasa kwenye mikono yenyewe. Glavu za sufi alizofuma shangazi ni nzuri mno ukienda kanisani kwa miguu, lakini juu ya pikipiki upepo hupenya kati ya nyuzi zake kama vile haupo ukuta. Si kwamba hazifai. Zinahitaji kufunikwa. Sufi itunze joto, na kitu kingine kisichopitisha upepo wala maji kikae juu yake.

Kitu hicho ni kipi? Zamani wengi walivaa mifuko ya plastiki juu ya glavu wakaifunga kwa raba kwenye kifundo cha mkono. Tangu Agosti 2017 mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, kwa hiyo njia hiyo imebaki kwa mfuko wa mkate, nao huteleza kwenye kishikio cha mafuta. Wengine huvaa chini zile glavu nyembamba za hospitalini. Zinazuia upepo, lakini mkono hutoa jasho ndani, jasho halina pa kutokea, na baada ya saa moja unaendesha ukiwa umeloweka vidole. Kwa safari fupi, sawa. Kwa kazi ya siku nzima, la.

Ukiniuliza mimi, nenda kwenye mitumba. Katika marobota yanayofunguliwa Gikomba na katika masoko ya Machakos hutokea glavu ambazo Wazungu walizivaa kwa kuteleza kwenye theluji. Zina kitambaa kigumu nje, pamba au kitu kama pamba ndani, na mkono mrefu unaomeza mkono wa jaketi. Zijaribu kabla ya kulipa, na usizijaribu kwa kuzitazama: zivae, ukunje ngumi, kisha ushike kishikio cha pikipiki yoyote iliyo karibu na uguse mkono wa breki kwa vidole viwili. Ikiwa ni nene kiasi cha kukuzuia, umebadilisha baridi kwa upofu wa vidole. Ikiwa inabana, iache pia, hata kama ni nzuri kama ya mfalme. Glavu inayobana huisukuma damu itoke na haiachi nafasi ya hewa, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi lenyewe.

Lakini ubunifu unaonipendeza zaidi hauvaliwi kabisa. Ni mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, ule wa lita tano, uliopasuliwa katikati na kila nusu ikafungwa mbele ya kishikio kwa waya na vipande vya tyubu. Mkono hukaa nyuma yake kama mtu nyuma ya ukuta. Haupendezi, wala mwenye duka la pikipiki hatakuuzia, lakini unaondoa upepo kabla haujaifikia glavu, na kama tulivyoona upepo ndio mwizi. Fundi wa viti vya magari naye anaweza kukushonea kifuko cha ngozi ya bandia, kikatiwa sponji na kufungwa kwenye usukani, nawe ukachomeka mkono ndani yake. Katika miji ya kaskazini mwa China, wenye pikipiki za umeme hujifunika kwa mablanketi mazima yaliyoshonwa hivyo, mikono na magoti pamoja.

Ukitengeneza kimojawapo, kuna mambo ya kukagua, na hapa naomba usikivu wako. Washa injini pikipiki ikiwa imesimama, kisha ugeuze usukani hadi mwisho kushoto na hadi mwisho kulia. Injini ikipandisha mlio, kuna waya wa mafuta unaovutwa au kubanwa na mtungi wako. Halafu tazama kama kifuko ni kilegevu: upepo unaweza kukisukuma kikaegemea mkono wa breki, ukaenda safari nzima breki ikisugua. Kitie mshipi mgumu ndani ili kisimame. Mwisho, uchomoe mkono na kuurudisha mara kumi bila kutazama. Usipoweza, kifuko hicho ni mtego.

VIKISHAKUFA GANZI

Maumivu ya vidole ni rafiki anayekuonya. Wasiwasi uanze maumivu yanapoisha na baridi bado ipo, maana hapo hisia imekwenda. Kipimo ni chepesi: gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Visipokutana kwa urahisi, au vikikutana usihisi, simama. Hilo la kusimama ndilo gumu kwa mtu wa biashara mwenye abiria anayelalamika kwamba atachelewa, nami najua kuandika ni rahisi kuliko kupoteza wateja. Hata hivyo dakika tatu zinatosha. Zungusha mkono mzima kama mtu anayerusha kombeo, mara ishirini, damu itasukumwa hadi nchani. Tia viganja kwapani, ndani ya jaketi. Kimbia hatua kadhaa kwenda na kurudi.

Usishike bomba la moshi la pikipiki. Nimewaona wakifanya hivyo. Kidole kisichohisi baridi hakihisi kuungua pia, na malengelenge utayaona baadaye. Vivyo hivyo ukifika nyumbani usivitie vidole kwenye maji yaliyotoka mekoni. Maji yawe ya uvuguvugu, na uyapime kwa kiwiko, kama mama anavyoyapima ya kumwogeshea mtoto. Na jiko la makaa, msomaji wangu, lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa eti mikono ipate joto. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na huua.

Wapo watu ambao vidole vyao hugeuka vyeupe kama chaki kwa baridi ndogo tu, kisha rangi ya samawati, kisha vyekundu vyenye kuchomachoma. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza hali hiyo mwaka 1862, nayo huitwa kwa jina lake. Mitetemo ya mashine kwa miaka mingi inaweza kuileta, na pikipiki ni mashine inayotetema. Ukijiona hivyo mara kwa mara, au ukiwa na kisukari na vidole vyako havihisi vizuri hata mchana, nenda hospitalini badala ya kuongeza glavu.

NAWE UNAYEBEBWA

Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, bodaboda imekuwa miguu ya vijiji kama vya Kalama. Muhula wa pili wa shule nao huangukia kwenye baridi hiyo hiyo. Mtoto wako anayekwenda kumtembelea nyanya, au anayerudi shuleni alfajiri na sanduku lake, hana usukani wa kushika, lakini anashikilia chuma cha nyuma ya kiti, na mkono uliokufa ganzi hauwezi kushikilia kitu kwenye shimo. Mvike soksi nene mikononi kama glavu hamna. Jozi mbili, moja juu ya nyingine. Mfungie jaketi hadi kidevuni.

Na wewe mtu mzima, kabla hujapanda, mtazame mwendeshaji mikono. Tunaangalia kofia, tunaulizia nauli, mikono hatuiangalii. Akiwa anaipuliza na kuisugua, mwachie dakika zake tatu, au umnunulie chai. Nauli haitapanda kwa hilo.

Kufikia saa nne asubuhi jua likijitokeza juu ya Kola, utaona stejini glavu zimevuliwa, zimevishwa juu ya vioo vya pikipiki, vidole vikielekea mbinguni kama vya watu wanaosalimisha silaha. Hapo ndipo hukauka. Ikiwa jua halikutoka, zigeuzwe ndani nje na zitundikwe jikoni, mbali kidogo na moto ili ngozi isikakamae, kwa sababu saa kumi na moja na nusu kesho mtu atazihitaji tena.